Ubao Wangu na Dirisha la Binti Yangu

Ubao wangu wa kwanza ulikuwa mlango wa choo. Upepo wa Lodwar uliung'oa kwenye choo cha jirani, ukauburuta mpaka barabarani, na jirani alipoona haya kuja kuuchukua mbele za watu, nikauchukua mimi. Nilisaga makaa ya betri kuukuu za tochi, nikakoroga na uji mwepesi, nikaupaka mpaka ukawa mweusi kama kitako cha sufuria. Nikausimamisha kando ya barabara iendayo darajani, nikaandika kwa chaki: MBUZI SABA WAMEPOTEA.

Nilikuwa nimeacha shule darasa la tano. Sisemi hivyo ili nionewe huruma. Nasema ili ujue kwamba huyu anayekuandikia, ambaye leo matangazo yake ya mifugo yanasomwa kutoka Kalemng'orok mpaka Lokitaung, hakusukumwa na mtu. Walionizidi madarasa wamejaa mjini. Walionizidi wasomaji sijawaona.

Kilichowavuta watu kwenye ule mlango si mwandiko, ingawa mwandiko wangu ni mzuri. Ni michoro. Kwetu Waturkana kila ukoo una alama yake ambayo ngamia, ng'ombe na punda huchomwa nayo kwa chuma cha moto. Mchungaji ambaye hawezi kusoma jina lake mwenyewe ataisoma alama hiyo akiwa ng'ambo ya pili ya mto mkavu. Mimi nilizijua zote kabla ya kujua herufi. Basi niliandika maneno machache, nikachora alama kubwa, na mtu akipita na punda wake anasimama, anatazama, anasema, "Huyu si nilimwona juzi kule chini?" Hapo kazi imekwisha.

Kabla yangu kazi hiyo ilikuwa ya mama yangu. Mama alisuka vikapu vya majani ya mkoma, akavipeleka kwa miguu na kwa malori hadi Kakuma, hadi Nakalale, hadi Lokitaung, na pamoja na vikapu alibeba habari za watu. Hakuandika chochote. Nilitembea nyuma yake nimeshika pindo la shuka lake, nikimsikiliza. Kwa mzee alikaa kwanza, akauliza mvua, akauliza majani, ndipo akatoa neno. Mke mchanga alimvuta pembeni ya boma akamnong'oneza. Watoto aliwaimbia. Miaka mingi nilidhani zilikuwa habari tofauti. Nilipokua ndipo nikajua ilikuwa habari moja, anaitoa kila mahali kwa jinsi ya pale.

Ubao wa pili niliuweka Kakuma, karibu na soko la mifugo, nje ya kibanda cha kompyuta cha Mkongo mmoja aliyekuwa mwalimu kwao kabla ya vita kumleta kwenye kambi ya wakimbizi. Ndipo nikaonja taabu. Kila tangazo niliandika mara mbili, mara moja Lodwar na mara moja Kakuma, na kati ya hizo mbili kuna safari nzima juu ya lori la simiti. Mara nyingine nilifika Kakuma na chaki mfukoni, nikaandika mbuzi wamepotea, kumbe mbuzi walishaliwa na mifupa imeshatupwa.

Yule Mkongo alinitazama wiki kadhaa, halafu siku moja akaniita ndani kwa Kiswahili cha kwao.

"Papa, juu ya nini unateseka hivi? Kuya nikuonyeshe ubao moja, dunia yote inauangalia."

"Ubao gani huo?"

"Inaitwa tovuti. Lakini utanunua soda kwanza, mimi sifundishe mtu na koo kavu."

Nikanunua soda. Nilinunua soda nyingi mwaka ule. Mtu wa darasa la tano, vidole vizito kama vya kukamua ngamia, nikajifunza kuingia kwa nenosiri, kuandika ukurasa, kupandisha picha. Mwalimu alikuwa akinipiga vidole kwa rula nikibonyeza pasipotakiwa, mtu mzima mimi, na ninakumbuka vile vidole viliwasha na vile nilifurahi. Siku tangazo langu la kwanza lilipotokea kwenye simu ya mwanamume aliyesimama mlangoni, nilitoka nje nikazunguka kibanda kizima. Nilitaka kuona kama kuna waya.

Ile tovuti ya zamani ilikuwa nyumba kamili. Maandishi, picha, rangi, kila kitu kilikaa ndani ya ukuta mmoja. Ukitaka kubadilisha neno, unaingia, unafika kwenye ukurasa wenyewe, unafuta, unaandika, unatoka, na uliloliona ndilo watu wanaloliona. Programu yake ilikuwa ya bure. Mashine iliyoibeba ilikuwa ya kukodi Nairobi, lakini ufunguo ulikuwa wangu, na nakala ya kila kitu ilikuwa kwenye flashi, na flashi ilikaa ndani ya kopo la maziwa ya unga juu ya kabati. Nilipotaka kitu kipya nilitafuta kiongezi, yaani kipande kidogo cha programu unachokitundika juu ya ile kubwa: kimoja cha ramani, kimoja cha picha, kimoja cha kuzuia wezi wa mtandao. Nilivitundika kumi na saba, kama mtu anayempakia punda na bado anaona nafasi shingoni. Na punda alitembea. Tovuti hiyo ilirudisha mifugo ya watu ambao hata salamu hawanipi.

Binti yangu aliporudi kutoka Eldoret na cheti chake cha kompyuta, cheti kilichosomewa kwa jasho la chaki yangu, jambo la kwanza alilofanya ni kufungua tovuti yangu na kuguna.

"Baba, hii kitu ni nzito. Mtu wa Nakalale anapanda kilima kutafuta mtandao, halafu anangoja picha ifunguke mpaka betri inakufa."

"Mtu wa Nakalale ana subira."

"Yeye anayo. Ngamia wake hana."

Alitaka tuhamie mfumo mwingine, wa kukodi, unaokaa kwenye mashine za watu ng'ambo. Nikamwambia anieleze kama anavyomweleza mtu mwenye akili lakini asiye na muda. Akanionyesha lile duka lililo mkabala na kiduka changu cha matangazo, lenye wavu wa chuma mbele.

"Ona pale. Mteja haingii dukani. Anasimama dirishani, anasema anachotaka, anapewa. Tovuti yako ya sasa ni kama soko la chini, bidhaa na mkeka ni kitu kimoja, ukihama unabeba vyote. Mimi nataka tuwe na stoo. Kila tangazo tunaligawa kwenye visanduku: mwenye mnyama, ukoo wake, mnyama gani, alipotelea wapi. Tovuti inakuja dirishani, inapewa. Simu ya kitufe inakuja, inapewa maneno matupu kwa ujumbe mfupi. Skrini tukiweka Kakuma inakuja, inapewa mchoro mkubwa. Tunaandika mara moja tu. Hilo dirisha ndilo wanaliita API."

"Na stoo iko kwa nani?"

"Kwa wenyewe. Wanailinda, wanaifagia, paa likivuja wanaziba. Sisi ni wapangaji."

"Mwenye stoo akiamka vibaya siku moja akafunga?"

"Tunahamisha vitu vyetu."

"Kwa punda gani?"

Alicheka. "Kila Ijumaa nitakutolea nakala, Baba. Uiweke kwa kopo lako."

Nilibisha mwezi mzima, na sikubisha kijinga. Nilimwambia ukweli ambao mpaka leo ni ukweli: nyumba yako hata ikiwa na nyufa unazijua nyufa zake. Nikamwambia pia kwamba kwenye mfumo wake sioni ukurasa nikiandika, naona visanduku tu kama fomu ya hospitali, na mimi ni mtu wa kuona ninachokichora. Naye alinijibu ukweli. Asubuhi moja kiongezi cha ramani kilijisasisha chenyewe, kikagombana na kile cha picha, na tovuti yangu yote ikawa nyeupe pe, kama maziwa. Siku tatu. Watu walikuja dukani wakauliza, nikawaambia naipaka rangi.

Siku ya tatu nikiwa nimekaa na ule weupe mbele yangu, nilimkumbuka mama na vikapu vyake. Habari moja, anaitoa kila mahali kwa jinsi ya pale. Nikamwita binti yangu nikamwambia, "Hilo dirisha lako, bibi yako alikuwa nalo." Hakunielewa, lakini alielewa kwamba nimekubali.

Tulipatana hivi: mfumo mpya tuufungue, ule wa zamani tuutengeneze uendelee kusimama msimu mmoja, na kila tangazo niliweke kote kote. Nikawa tena mtu wa kuandika mara mbili. Skrini tuliifunga kwenye kibanda cha mwalimu wangu Mkongo, inatazama soko la mifugo, na wazee wa soko walizoea haraka kuliko nilivyotaka.

Jumatatu moja akaja mama mmoja mjane kutoka Nakalale. Alikuwa na shanga shingoni mpaka chini ya kidevu na vumbi mpaka magotini.

"Ejok?" akanisalimu.

"Ejok, mama. Karibu. Kaa."

Hakukaa. Ngamia wake wawili majike walikuwa wamepotea. Walikuwa wawili tu, hakuwa na wengine. Mume alikufa, mifugo ya mume ikaenda na ukame, na hao wawili kaka yake alimpa baada ya msiba ili wajukuu wapate maziwa. Mmoja alikuwa na mimba. Aliinama akachora alama yao sakafuni kwa kidole, kwenye vumbi lililoingia kupitia mlangoni: mstari mrefu, na juu yake nusu mwezi.

Nilichukua karatasi na kalamu nene, nikaichora alama hiyo vizuri, nikaipiga picha, nikaiweka kwenye tovuti ya zamani kwa mkono wangu. Binti yangu alijaza visanduku vyake. Kwenye kisanduku cha ukoo alichagua ukoo wa kaka yake yule mama, maana ndio wenye nusu mwezi, na mchoro ukajiweka wenyewe. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Kisha, kwa mazoea tu, nikaandika na chaki kwenye ule mlango wa choo, ambao mpaka leo uko nje ya duka langu.

Sasa niseme nilichokosea, maana nimejisifu vya kutosha.

Jumatano nilikuwa nikipitia kazi ya binti yangu, kama mzazi anavyopitia, nikitafuta kosa. Na nikalipata. Yule mama aliolewa. Kwetu mwanamke akiolewa na mila zikakamilika, anahamia ukoo wa mume. Hata mume akifa hatoki. Kuandika mbele ya jina lake ukoo wa babake ni kusema hakuolewa, ni kumvua heshima mbele ya Turkana nzima. Nikacheka peke yangu. Cheti cha Eldoret, na hakijui jambo ambalo mtoto wa kuchunga mbuzi analijua! Nikaingia, nikabadilisha kisanduku, nikaweka ukoo wa mume. Nikajisikia mkubwa.

Sikujua jambo moja. Kwenye ule mfumo, binti yangu alikuwa ameifunga alama kwenye ukoo wa mwenye mnyama. Nilipobadilisha ukoo, mchoro ulibadilika nao. Haukubadilika mahali pamoja tu. Ulibadilika kwenye tovuti mpya, kwenye maneno ya ujumbe wa simu na kwenye skrini ya Kakuma, mara moja, bila kelele. Nusu mwezi ukaondoka, ikaja mistari mitatu ya ukoo wa mume.

Alhamisi asubuhi yule mama alikuwa dukani tena, safari hii amekaa chini, anangoja habari. Binti yangu alikuwa kwenye meza yake. Simu yangu ikalia, nikaweka sauti kubwa kama kawaida yangu, kwa sababu habari zangu sina haja ya kuzificha.

Ilikuwa sauti ya mwalimu. "Papa, hapa sokoni kuko ngamia mbili majike. Jana njo zilifika. Moja iko na mimba. Lori inapakia saa sita."

Mama aliinua kichwa.

"Basi si ndio hao?" nikasema.

"Hapana, papa. Wazee wameangalia skrini. Alama ni ingine. Tangazo yenu inasema mistari tatu. Hizi ziko na kitu kama mwezi. Nilitaka nikuambie tu."

Alitaka kukata. Na mimi, Mungu anisamehe, nilitaka kusema asante.

"Mwezi!" Yule mama alikuwa ameshasimama. "Mwezi na mstari chini! Ndio hao! Wewe, ndio hao wangu!"

Binti yangu alishafungua mfumo. Aliangalia, akaniangalia. "Baba. Nani amebadilisha ukoo?"

Nikatazama vidole vyangu. Alielewa. Vidole vyake vilikimbia, akarudisha, na kabla sijamaliza kumeza mate tukasikia makelele kutoka Kakuma kupitia simu.

"Papa!" mwalimu akasema. "Skrini imegeuka! Sasa iko mwezi!"

Nikashusha pumzi. Lakini makelele hayakuwa ya furaha. Sauti ya mwanamume mmoja ilikuja juu ya zote, mfanyabiashara aliyewanunua wale ngamia na kuwaleta. Sisemi alikuwa mwizi. Alinunua kwa mtu njiani, na mtu huyo hakuonekana tena.

"Mmeona?" alikuwa akisema. "Mmeona wazee? Saa hii ilikuwa mistari, wamepigiwa simu, wameambiwa ni mwezi, wamechora mwezi! Hiyo televisheni inachora vile inasikia! Kesho itachora mke wangu iseme pia amepotea!"

Watu walicheka. Na wazee, nilimsikia mmoja akisema polepole, "Ni kweli. Kitu kimebadilika mbele ya macho yetu." Mimi mwenyewe ningesema hivyo hivyo. Ubao wa chaki ukifutwa unaacha kivuli, kila mtu anaona palikuwa na nini jana. Ile skrini haikuacha kitu. Wepesi wake, ambao binti yangu aliusifu mwezi mzima, ndio uliotufanya tuonekane waongo.

Mama akaikamata simu kwa mikono miwili. "Ni wangu," akaiambia. "Mwenye mimba ana pengo sikio la kushoto." Na kutoka upande wa pili yule mfanyabiashara akajibu, "Hata mimi nikisimama hapa naliona hilo pengo, mama!" Alikuwa ameshaanza kuwaita vijana wa kupakia.

Hapo nikakumbuka nyumba yangu ya zamani.

"Mwalimu," nikasema, "fungua tovuti ile ya kwanza. Ile yetu. Niliandika Jumatatu, na ngamia wamefika kwenu jana. Tarehe iko juu, inajiandika yenyewe. Sijaigusa."

"Papa, ile ni nzito sana."

"Ifungue tu. Waambie wazee wasogee waone inavyofunguka."

Kama hujawahi kungoja tovuti nzito mahali penye mtandao dhaifu, huwezi kujua tulivyokaa. Saa sita ilikuwa inakaribia. Mwalimu alipanda juu ya tangi la maji na simu yake ya pili kutafuta mtandao, tukamsikia akipumua. Binti yangu alikuwa amefumba macho. Vile viongezi kumi na saba nilivyovitundika kwa fahari, nilivihesabu kimoja kimoja, nikajilaumu kwa kila kimoja.

"Inakuya," mwalimu akasema. "Naona jina ya tovuti... Naona ile picha yako, papa, ya kofia."

"Hiyo wacha."

"Inashuka. Iko tarehe. Jumatatu." Akarudia kwa sauti ya darasani, "Wazee, Jumatatu!" Kisha akaendelea. "Sasa ni picha ya mchoro. Inatokea kidogo kidogo kutoka juu."

Akashuka kwenye tangi na simu mkononi, tukasikia watu wakimzunguka. Mchoro ulikuwa ukishuka mstari kwa mstari, vile zamani picha zote zilivyokuwa zikishuka, jambo ambalo lilikuwa likinikasirisha na ambalo siku ile nililishukuru. Nilimsikia mzee mmoja akihesabu kinachoonekana: "Ncha moja... ncha ya pili... inapinda..." Halafu sauti kadhaa kwa pamoja, "Mwezi! Mwezi huo!" Na baada ya kitambo, polepole, ukaja mstari chini yake.

"Huu ni mkono ya papa," mwalimu akawaambia. "Mimi namujua mwandiko yake, nilimupiga rula."

Mzee akasema lori lisipakie. Yule mfanyabiashara alifoka, kisha akasema kwa sauti nyingine kabisa kwamba yeye pia ameibiwa, na nadhani ilikuwa kweli.

Yule mama aliirudisha simu mezani taratibu, kama chombo chenye maziwa. Akakaa chini. Ndipo nikamwambia.

"Mama, mimi ndiye niliyebadilisha. Nilitaka uandikwe kwa ukoo wa mume wako."

"Na mimi ndiye niliyefunga alama kwa mtu," binti yangu akasema. "Ningeifunga kwa mnyama."

Alitutazama mmoja baada ya mwingine. "Kwa hivyo mlinipenda mkanipoteza," akasema, na akacheka mpaka shanga zikalia.

Kesho yake tulikwenda Kakuma watatu kwa pikapu ya jirani. Yule mama alikaa mbele. Mimi na binti yangu tulikaa nyuma, tumejifunga vitambaa puani kwa vumbi, na njia nzima tulipima mambo kwa kupiga kelele juu ya upepo. Watu huniuliza tovuti ipi ilishinda. Ningeweza kusema ya zamani, kwa kuwa ndiyo iliyowaokoa wale ngamia. Lakini bila skrini mpya wazee wasingejua kuna tangazo la kubishaniwa. Ngamia wangepakiwa bila mtu kuuliza. Mpya ilieneza kosa langu kwa kufumba na kufumbua, na ingeeneza ukweli vile vile. Ya zamani ilishika ukweli kwa sababu tu ni nzito na hakuna anayeigusa. Nilimwambia nataka ile mpya iache kivuli.

"Kivuli gani?"

"Kama chaki. Nikifuta, mtu aone nilichofuta, na siku niliyofuta."

"Mfumo unaweka, Baba. Kila badiliko limehifadhiwa ndani. Ni mimi sikuliweka dirishani."

"Liweke."

"Nitaliweka. Na ile ya zamani?"

Nilitazama barabara inavyorudi nyuma. Nilifikiria kibanda cha soda, na rula, na mimi nikizunguka nje kutafuta waya. "Nitaifunga mwenyewe msimu ukiisha," nikasema. "Wewe usiiguse." Nilipoifunga, miezi miwili baadaye, niliitoa nakala ya mwisho nikaitia kwenye kopo, nikakaa nalo magotini kitambo kirefu. Hakuna aliyeniuliza nafanya nini.

Sokoni, ngamia walikuwa wamefungwa chini ya kivuli cha mti wa mathenge. Yule mama hakukimbia. Alifika, akaweka kidole ubavuni mwa yule mwenye mimba, akafuata ule mstari, kisha ule mwezi, mpaka mwisho. Kisha akamwita binti yangu.

"Nilimjua bibi yako," akasema. "Yule wa vikapu. Niliolewa Nakalale nikiwa msichana, na yeye ndiye alileta habari za mifugo kutoka kwetu. Sijui kusoma. Yeye pia hakujua. Nipe mkono."

Binti yangu akampa mkono wa kulia.

"Hakuniambia, wa ukoo fulani wamepona, wa ukoo fulani wamekufa. Alinifungua mkono akasema, yule mweupe, hivi." Akachora alama ya mnyama huyo kiganjani kwa ukucha. "Yule mwenye nundu imeanguka, hivi. Mmoja mmoja. Mpaka nikawaona wote."

Juu yetu skrini ya mwalimu ilikuwa bado inaonyesha tangazo, na mwezi wake. Yule mama akaliangalia kwa mara ya kwanza, akatikisa kichwa kama mtu aliyekutana na picha yake mwenyewe.

"Sasa futa," akasema. "Nimewapata."

Binti yangu alitoa simu mfukoni, akaibonyeza kwa mkono wa kushoto, na tangazo likaondoka kila mahali kwa pamoja. Ule wa kulia, wenye alama za ukucha, aliendelea kuushika wazi mbele yake, kama mtu aliyetoka kupaka rangi na anaogopa kufunga vidole.